Jino la Juu

Sikuwa na neno na mke mwenzangu mpaka mwanangu alipoanza kutokwa na udenda.

Kabla ya hapo tulielewana. Yeye ndiye mkubwa. Mimi nililetwa baada yake kwa sababu alizika watoto wawili wachanga na hakupata mwingine. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Tulipohamishiwa kijiji kipya, nyumba zote zikiwa zimepangwa kwenye mstari kama watoto wa shule, tulipewa mbili zinazotazamana, na mama mkwe wetu akakaa ya tatu. Asubuhi ikigongwa ile ringi ya gari iliyoning'inizwa pale ofisini, nilichukua jembe kwenda shamba la kijiji. Dada alikuwa na mguu mbovu, balozi wa nyumba kumi akamruhusu abaki. Basi akabaki na mwanangu.

Mtoto alipofikisha miezi saba, fizi zikaanza kumwasha. Alitafuna kila kitu: ncha ya kanga, kidole changu, mpini wa kata ya maji. Dada alikuwa na kibuyu kidogo cha asali aliyoletewa na kaka yake kutoka Manyoni, akawa anampaka kwenye fizi kwa kidole. Nikirudi kutoka shambani jua likiwa bado kali, miguu imejaa vumbi, namkuta mwanangu amelala kwenye mapaja yake, mdomo unanukia asali. Nikimchukua analia. Analia kwangu mimi, mama yake! Dada anacheka na kusema, "Ni usingizi tu, mdogo wangu." Nilitamani kukipasua kile kibuyu.

Lazima nieleze desturi ya ukoo wa mume wangu, maana bila hiyo mtaniona nilikuwa kichaa. Jino la kwanza la mtoto lilikuwa na mwenyewe. Aliyeliona kabla ya wengine alipiga kigelegele, bibi wa mtoto akaja kuhakikisha, kisha yule aliyeona akamfunga mtoto ushanga mweupe kiunoni. Tangu siku hiyo aliitwa mama wa jino. Mtoto akikua, mavuno yake ya kwanza anampelekea huyo. Hata mama mzazi aliweza kuwa mama wa jino, ila awahi.

Nami nilikuwa shambani kutwa nzima, napalilia uwele wa kijiji. Niwahi vipi?

Kila alfajiri kabla ya ringi kugongwa nilimpapasa ufizi wa chini. Laini. Jioni nampapasa tena. Laini. Wiki ile ya mwisho nilimwona dada amebadilika. Nikirudi hanipi mtoto upesi. Alimfunika uso kwa kanga eti upepo, na mama mkwe akija kumbeba, dada anasema amelala. Siku moja nilimkuta amezungushia kitambaa kwenye kidole gumba, anamsugua mtoto ufizi wa chini kwa nguvu, na kitambaa kina damu kidogo. Nilimpokonya mtoto.

"Unamfanya nini mwanangu?"

"Namsaidia," akasema. "Subiri kidogo tu, mdogo wangu. Siku mbili, tatu. Usimwonyeshe mama kwanza."

Nikaelewa nilivyotaka kuelewa. Anataka kulitokeza jino yeye mwenyewe kwa kucha, mimi nikiwa shambani, apige kigelegele chake, avae umama ambao Mungu alimnyima. Ndivyo nilivyowaza, kwa maneno hayohayo. Sijivunii.

Kesho yake nilirudi mchana. Mama mkwe alikuwa uani na majirani wawili wakichambua mawe kwenye mtama, na dada amekaa pembeni na mtoto. Nilimchukua bila hata kuomba, nikakaa kumnyonyesha. Akaning'ata! Aliuma kweli, nikaruka. Na badala ya kulia nilifurahi kuliko siku niliyomzaa. Dada aliniona, akainuka na mguu wake ule mbovu, akanishika mkono. "Mdogo wangu, nakuomba, twende ndani kwanza."

Ndani nifanye nini? Nilimsukuma, nikapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka ofisini. "Jino! Nimeliona mimi! Mimi mama yake!"

Sikuwa nimeliona. Nilikuwa nimeng'atwa, na sikujiuliza ni meno ya wapi yanayong'ata namna ile.

Mama mkwe alinawa kidole, akamfungua mtoto mdomo. Kicheko chake kikakatika. Akainua mdomo wa juu, nasi sote tukaliona, jeupe, limetoka lote, peke yake.

Kigego. Hakuna aliyelitamka. Katika ukoo ule mtoto aliyeanza na meno ya juu hakutupwa tena kama zamani, lakini hakukaa. Mama mkwe mwenyewe alishatusimulia habari za mtoto wa shemeji yake, alivyopelekwa kulelewa mbali, upande wa Sekenke, kwa watu wasio ndugu, ili asije akawamaliza wenzake. Mama yake hakumwona tena. Mganga wa zahanati alikuwa akituambia meno ni meno tu, tunamwitikia, tukirudi nyumbani tunapapasa ufizi wa chini.

"La chini lipo," dada akasema. "Papasa vizuri, mama."

Mama mkwe akapapasa. Pale kwenye kidonda cha kusuguliwa palikuwa na ncha ndogo.

"Lipo. Lakini la juu ni kubwa."

"La chini ndilo lililotangulia, mama. Nililiona wiki iliyopita. La juu limekuja na haraka zake."

"Na kigelegele ulikiweka wapi?"

"Niliona haya. Nilisema mwenye mtoto alione mwenyewe."

Mama mkwe akautoa kidole mdomoni mwa mtoto. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayenyonyesha. Ni kweli alichosema mwenzako?"

Nilikuwa nimeshaelewa kila kitu: kanga usoni, kitambaa, damu, siku mbili tatu alizoniomba ili la juu lifichike mpaka la chini litokeze. Jibu lilikuwa moja tu, na mama yeyote angelitoa kabla swali halijaisha. Nikisema ni kweli, mwanangu anabaki kwangu, na dada anakuwa mama wa jino lake mbele ya mashahidi, milele. Nikisema si kweli, mtoto anaondoka.

Nikanyamaza.

Watu wakisimulia habari za wivu husema walipofushwa. Mimi nilikuwa naona vizuri kabisa. Nilimwona mwanangu mikononi mwa bibi yake, nikaona kile kiuno chake kisicho na ushanga, nikawaza kwamba kama hatakuwa wangu, basi pia hatakuwa wake. Haikuzidi pumzi mbili. Lakini dada alikuwa ananitazama usoni, na nikaona uso wake unavyobadilika, kwa sababu alijua ninachopima.

"Ni kweli, mama," nikasema. "Dada aliliona kwanza. Niliona wivu tu."

Majirani wakacheka, wakaniita mtoto. Dada akamfunga mwanangu ushanga. Tangu siku ile, nikimwachia mtoto au nikimchukua, alihesabu kwanza kwa macho vidole vyote vya mtoto, kama mtu anayemkabidhi mtoto kwa mgeni.