Nati ya Gurudumu la Kushoto

Juzi nilipita Tunduma nikamwomba dereva asimame kidogo kwenye kile kiteremko cha nyumbani kwetu. Siku hizi kimejaa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, hata udongo huuoni. Lakini moyo ulinidunda vilevile kama siku ile, na nisipokusimulia nitapasuka.

Baba alikuwa na landrova kuukuu iliyobeba viazi na maharage ya watu, miaka ile ambayo sukari na sabuni vilipatikana kwa mbinde. Breki zikilegea alizikaza mwenyewe uani, na kwetu sisi watoto hiyo ilikuwa sikukuu! Gurudumu linapandishwa kwa jeki, mengine yanawekewa mawe, Baba anaingia chini na spana. Kwa ndani kuna nati ndogo. Anaikaza mpaka gurudumu ligome kabisa, kisha anairudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke huku likikwaruza kwa mbali, shwaa, shwaa. Hapo anaacha.

Tulikuwa watoto wanne, na kila mtoto alikuwa na gurudumu lake. Langu lilikuwa la mbele kushoto. Baba akishakaza, mwenye gurudumu analisukuma kwa nguvu zake zote na wengine wanahesabu kwa kelele. Lililozunguka mara nyingi kuliko yote, mwenyewe atakaa kiti cha mbele. Sheria hiyo tuliitunga wenyewe. Baba alicheka tu.

Jumamosi ile mambo yalikuwa makubwa. Kesho yake tulitaka kwenda Isongole kwa Bibi, mama yake Mama, aliyekuwa mgonjwa tangu mavuno. Mama alikuwa hajamwona miaka miwili. Safari iliyotangulia, kwenye miteremko ya Ileje, gari lilivuta upande likataka kutuingiza korongoni. Mama akashuka, akamaliza mteremko kwa miguu, akaapa kutolipanda tena. Na gari jingine la kwenda huko halikuwepo. Sasa akamwaga mstari wa majivu kukatiza kiteremko chetu.

"Baba Watoto," alisema, "likisimama hapa bila kupinda, kesho nakwenda kumwona mama yangu. Likipinda, msinitajie tena habari za gari."

Baba akakaza. La kaka likazunguka mara tano, akaanza kutamba. La dada nne, la mdogo wetu nne. Langu, la mwisho kabisa, mara mbili tu! Kaka alinicheka mpaka akakaa chini. Baba alipokwenda kunywa chai na viazi vitamu, na wenzangu wakamfuata, nilijipenyeza chini ya gari na spana, nikairudisha ile nati. Nikatoka, nikalisukuma gurudumu. Mara tisa, halikwaruzi hata chembe! Nikawaita waje washuhudie, nikaruka kama mwehu.

Baba akateremsha jeki, akaliachia gari kwenye kiteremko. Tulipiga makelele ya furaha. Akakanyaga breki. Gari likapita majivu, likapinda kulia, likavunja ua wa mabua wa jirani.

Mama aliingia ndani, akaanza kufungua mzigo wa Bibi: kitenge, kipande cha sabuni, sukari aliyoidunduliza tangu Pasaka. Nilimwona kutoka mlangoni akivirudisha sandukuni kimoja kimoja. Nje, Baba alikuwa amelirudisha gari juu ya kiteremko na kulipandisha tena kwa jeki, amelala chini yake akisema peke yake kwamba haelewi.

"Ni mimi, Baba," nikasema. "Nimeilegeza ili nikae mbele."

Nilisubiri kofi. Baba akaninyooshea spana. "Lala hapa. Uirudishe ulivyoikuta."

Nilikaza huku nalia, mafuta machafu mpaka masikioni. Baba alilizungusha gurudumu, shwaa, shwaa, kisha akanitikisia kichwa. Nilipotoka chini ya gari, Mama alikuwa amesimama mbele yangu. Akaiangalia mikono yangu, halafu akapanda gari, akaketi.

"Mama Watoto, ngoja kwanza nilijaribu," Baba akasema.

"Lijaribu na mimi humu. Na huyu fundi wako apande."

Lo! Tulishuka kile kiteremko Mama amenishika mkono, na landrova ikasimama juu ya majivu ikiwa imenyooka kabisa! Hata jirani, pamoja na ua wake kuvunjika, alipiga makofi.

Kesho yake tulifika Isongole. Bibi alimshika Mama uso kwa mikono miwili, wakalala kitanda kimoja siku tatu wakisemezana Kindali, lugha ya kwao. Mvua zilipoanza tukaletewa habari kwamba Bibi hatunaye.

Siku hizi gari likipiga kelele unalipeleka gereji, vijana wanabadilisha vifaa, wewe unakaa kwenye benchi na simu. Breki ni nzuri kuliko zetu, sibishi. Ila watoto wangu hawajawahi kupewa spana na mtu ambaye dakika chache baadaye ataketi ndani ya gari hilo. Ningewapa, lakini nikiri, mimi sina moyo wa Mama. Na kila nikizikumbuka zile siku tatu zao naogopa upya, kwa jinsi nilivyokaribia kumnyang'anya Mama siku hizo kwa ajili ya kiti cha mbele.