Mgongo wa Tarishi

Mimi ni mtu wa kushuku. Ukinisifu najiuliza unataka nini, na ukininyamazia najiuliza umeshasema nini kwa wengine. Labda nilizaliwa hivyo, lakini Temeke ndiyo iliyonimalizia, ile miaka ya mwishomwisho ya Mwingereza, nilipoacha kazi ya kuhesabu magunia katika ghala moja la Kurasini nikaamua kuchora tu, kutwa, mwaka mzima.

Kuchora kutwa kuna adha zake. Chumba nilichopanga kilikuwa na dirisha moja dogo, kwa hiyo mwanga niliufuata nje. Nikichorea uani, majivu ya jikoni yalitua juu ya rangi mbichi, na kuku mmoja mwekundu alinikanyagia mawingu mara mbili. Nikihamia barazani, vumbi la barabara lilinifuata huko. Masika ikija, rangi ya mafuta haikauki. Inanata siku kumi, na kila mdudu wa Temeke anakuja kufia humo. Mbao nilibandua kwenye masanduku ya chai. Nilichora minazi na vibanda kwa Wazungu wachache waliopenda vitu hivyo, ila kilichonilisha hasa ni mabango ya vinyozi, washonaji na wauza chai.

Adha kubwa ilikuwa nyingine. Serikali ilikuwa na jina lake kwa mwanamume wa bara aonekanaye mjini mchana bila bwana aliyemwajiri. Ilimwita mhuni. Askari walipita nyumba kwa nyumba pamoja na karani, wakauliza unafanya kazi gani na nani kakuajiri, na aliyekosa jibu alipakiwa kwenye lori akarudishwa kwao. Kwetu ni mbali, kusini, na huko hakuna aliyenihitaji kwa picha. Stakabadhi ya kodi nilikuwa nayo. Barua ya mwajiri sikuwa nayo, kwa kuwa mwajiri mwenyewe sikuwa naye. Nikipakiwa kwenye lori lile, uchoraji wangu umekwisha, na hilo nililiogopa kuliko njaa.

Bibi mwenye nyumba, mwenyeji hasa wa pwani, alinipokea kwa sharti moja.

"Chora minazi, chora mitumbwi, chora upendavyo," aliniambia. "Uso wa mtu kwenye baraza langu, hapana. Siku ya kiyama utaambiwa uutie roho, nami sitaki kuitwa shahidi."

Nikaahidi. Mimi Mkristo, lakini baraza lilikuwa lake.

Chumba cha mkabala na changu alikaa tarishi wa ofisi moja ya serikali. Alikuwa mtu mzima, mkimya, mwenye sare ya kaki na mkoba wa barua ulioning'inia begani miaka mingi hata bega la kushoto likashuka. Kila jioni nilimwamkia shikamoo, naye akiitikia marahaba alifuatisha swali lilelile.

"Leo umechora wapi? Kwa nani?"

Mwanzoni nilimjibu vizuri. Baadaye nikaanza kujiuliza mtu wa serikali anataka nini na mabango yangu. Wiki moja nikamwona huko mtaa wa Keko, amesimama mbele ya bango nililomchorea muuza chai, anaandika katika kijitabu. Hakuniona. Kesho yake nilikwenda kwa muuza chai mwenyewe.

"Kuna mtu wa ofisini alikuja kukuulizia," akaniambia huku akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Bango umechora lini, siku ngapi, nani kakutuma. Kaandika, kanitia wino, nikaweka dole gumba."

"Ukaweka dole kwenye karatasi usiyoijua?"

"Kaki ile, ndugu yangu. Mie nimkatalie?"

Nilirudi nyumbani mbio. Kumbe nalala mlango kwa mlango na mtu anayenikusanyia ushahidi! Sikumuuliza. Mtu wa kushuku haulizi, maana jibu lolote atakalopewa atalishuku. Nilichukua ubao mkubwa kuliko zote nilizokuwa nazo nikauweka barazani, mahali ambapo mtaa mzima hupita.

Nikachora mtaa wetu wenyewe, milango yetu, mti wa mwarobaini wa kinyozi. Katikati nikachora askari, uso umefunikwa na kofia, na mbele yake mtu aliyeinama kumnong'oneza. Mtu huyo nilimchora kwa nyuma. Uso sikuchora, ahadi ni ahadi. Nilichora kaki, nilichora mkoba, nikachora bega la kushoto lililoshuka. Niliifanyia kazi siku nne kwa hasira tupu, na mkono wangu haukuwahi kunitii vile.

Lazima niseme ukweli hapa: miaka yote niliyokaa Temeke watu walipita mbele ya picha zangu kama wanavyopita mbele ya kamba ya nguo. Hii walisimama. Kinyozi aliacha mteja na povu kidevuni akaja kutazama.

"Huyu si tarishi wenu?" akasema. "Lo! Ni yeye mtupu. Kumbe ndiyo kazi yake?"

Nikamwambia mimi sijamtaja mtu. Nilisema hivyo nikitabasamu, na moyoni nilifurahi kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza picha yangu ilikuwa imesomwa.

Yaliyofuata sikuyafanya mimi kwa mkono wangu, ndivyo nilivyojiambia. Tarishi akikaribia, mazungumzo yalikatika. Kinyozi alikuwa na wembe butu kila alipofika yeye. Kisimani akina mama walimwachia nafasi kubwa mno. Alipita mbele ya baraza akiwa ametazama chini, asubuhi na jioni, na swali lake la kila siku akaacha kuniuliza. Mwezi haukuisha, akafunga virago akahamia Kinondoni. Bibi mwenye nyumba alimpa mkono bila kumtazama.

Askari walikuja wiki mbili baadaye, asubuhi, nikiwa nachanganya rangi. Wawili na karani wao.

"Kazi yako?"

"Mchoraji."

"Nani kakuajiri?"

"Nafanya mwenyewe."

"Basi huna kazi," karani akasema, bila ubaya wowote. Aliandika. "Chukua nguo zako."

Nilimtazama bibi. Alikuwa amesimama mlangoni, kanga ameibana mdomoni, na ghafla akaingia ndani. Nikasikia kasha lake likifunguliwa. Alirudi na bahasha ya kaki akaikabidhi kwa karani kwa mikono miwili.

"Hii kaiacha yule tarishi," alisema. "Alisema niwape siku mkija. Mie sijui kusoma maandishi yenu. Nimeificha kwa kuogopa, msinitie matatani."

Nikaweka brashi chini. Nikajua ndiyo hiyo hati yenyewe, na bibi ameamua kujiokoa. Karani akaisoma polepole, akageuza karatasi, akaisoma tena.

"Mbona unasema huna mwajiri?" akaniuliza. "Hapa unao kumi na mmoja."

Alinionyesha. Kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani, mstari kwa mstari, yalikuwa mabango yangu yote: la muuza chai wa Keko, la mshonaji wa Ilala, na mengine hata mimi nilikuwa nimeyasahau. Lini nilichora, siku ngapi, kwa ajili ya nani. Kila mstari na dole gumba lake. Juu kabisa iliandikwa kwamba wenye alama hizi wanashuhudia kuwa mtu huyu ni fundi wao na wanamhitaji mjini. Karani alikunja karatasi, akanipa, wakaenda nyumba ya pili.

Bibi akaketi chini pale pale kizingitini. "Nilitaka kuichoma," alisema. "Wallahi, kwa ile picha yako, mara mbili nimeisogeza jikoni."

Jumapili nikaenda Kinondoni kwa miguu. Nilimkuta anashona ukanda wa mkoba. Shikamoo yangu aliiitikia. Nikamwomba radhi, nikalia, sioni haya kulisema. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ofisini wangejua ningefukuzwa," alisema. "Nawe una mdomo. Ungekwenda kusimulia kwa kinyozi." Akakata uzi kwa meno. "Ile picha sikuitazama. Kweli imefanana na mie?"

"Imefanana."

"Sijapata kuchorwa," akasema, na akaendelea kushona.

Nikamwomba akae, nikamchora hapo hapo, kwa mbele, uso wote: makunyanzi, kovu dogo la paji, macho yake mapole yaliyochoka. Picha hiyo nilirudi nayo Temeke nikamwomba bibi ruhusa. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu mweke," alisema. "Dhambi yake tutagawana."

Ile ya zamani nilikuwa nimeipaka chokaa. Hii nikaitundika mahali pale pale, nikakaa chini yake nikingoja watu wasimame. Walipita. Mmoja aliuliza kama ni marehemu baba yangu. Siku ya tatu nilimwita kinyozi mwenyewe, nikamwambia ndiye tarishi, nikamweleza habari ya karatasi na madole yote kumi na moja. Alinisikiliza huku ananipima kwa jicho la pembeni ninalolijua vizuri, kwa kuwa ni langu.

"Amekupa nini umsafishe?" akauliza.

Nikaapa hakunipa kitu. Nikamsihi aitazame picha, amtazame mtu yule machoni.

"Yule mie namjua," alisema, "na si huyu."

Nikamuuliza kama amewahi kumtazama usoni hata siku moja, mtu aliyemnyoa miaka mitano. Alifikiri kwa haki kabisa, kisha akasema hakuwa na haja, nilikwishamwonyesha mgongo wake.