Konokono wa Marlys

Marlys Hruska aliendesha basi la shule upande wa kusini wa Cedar Rapids, nami nilikuwa na la upande wa mtoni, kwa hiyo saa zake nazijua kama zangu. Saa tatu asubuhi watoto wako darasani, saa nane twende tukawachukue. Katikati hapo sisi wengine tulicheza karata. Marlys alirudi nyumbani, akashuka chumba cha chini, akawasha kompyuta na kuchora konokono.

Tulimcheka, sitaficha. Mwanamke wa miaka thelathini na minane anachora katuni kwa kipanya, kazi ngumu kama kuandika jina lako kwa kipande cha sabuni, halafu anawapelekea watu wa intaneti asiowajua. Mwaka ule wa 2000 intaneti yenyewe ilipita kwenye waya wa simu. Dada yake akipiga kuuliza habari za kolachi za Pasaka, ile mikate midogo ya matunda, kila kitu kimekatika. Ndiyo maana katuni ilibidi iwe nyepesi: michoro michache, rangi nne, maneno ya sentensi mbili tu. Sauti ndiyo iliyokuwa mzigo kuliko vyote.

Konokono aliitwa Bohumil, na kazi yake ilikuwa kupeleka barua. Kila Jumatatu alionekana na barua ile ile mgongoni, akipita chini ya mahindi, juu ya theluji, kando ya reli, na hafiki. Mwenda pole hajikwai, nilimwambia Marlys, lakini huyu wako hata kufika hafiki. Akacheka tu. Siku moja nikatazama kwa udaku, na nilipoinua macho chai yangu ilikuwa imepoa na nilikuwa nimesahau kwamba goti linaniuma. Tangu hapo karata zikanishinda.

Sauti ya Bohumil ilikuwa ya Emil, baba yake Marlys, mzee aliyestaafu kiwanda cha shayiri na kuja kuishi na binti yake. Sauti nzito, yenye mikwaruzo, na kituo kirefu katikati ya maneno hata ukadhani amesinzia. Watu wa mbali waliandika kuuliza barua ni ya nani. Mama mmoja alisema mwanawe halali mpaka amsikie konokono.

Mwezi wa pili madaktari wakasema ile mikwaruzo ni saratani. Alhamisi wangemfanyia upasuaji na kuondoa sehemu yote ya koo inayotoa sauti. Atapona, walisema, ila hatasema tena.

Marlys alitaka jambo moja tu kabla ya Alhamisi: Bohumil afike, na aseme hivyo kwa sauti ya baba. Emil akaanza kukwepa. Jumatatu alikuwa na theluji ya kuzoa. Jumanne alikula kolachi tatu za plamu mfululizo, akaonyesha kwa kidole kwamba mdomo umejaa. Nilikuwepo, nimeleta supu, nikamshauri Marlys amlazimishe. Akanijibu kwamba huyo hata kiwanda kilishindwa kumlazimisha.

Jumatano, saa tano hivi, mzee akashuka mwenyewe bila kuitwa. Marlys akatundika blanketi nyuma ya maikrofoni ili kuzuia mngurumo wa tanuri la kupasha nyumba joto. Mimi nikaamriwa nikae ngazini, ikiwezekana nisipumue.

"Baba, hapa anafika mlangoni. Sema tu amefika."

"Mlango wa nani?"

"Wowote unaoupenda."

Mzee akaufikiria mlango huo kwa muda mrefu. Kisha akasema, polepole, "Nimefika. Samahani... njia ilikuwa nzuri."

Na treni ikapita nyuma ya nyumba, honi juu ya maneno. Marlys akamwomba arudie.

"Mara moja inatosha, mwanangu. Konokono harudi nyuma."

"Lakini treni imeingia, Baba."

"Treni nayo ni ya hapa hapa. Iache."

Akapanda ngazi, akanipita akinigonga bega. Nililia, na sioni aibu kusema.

Marlys alichora wiki tatu, hospitalini kwenye daftari, nyumbani kwa kipanya. Sasa, katuni za namna hii zikifika mwisho hujianza upya zenyewe, isipokuwa uweke amri ya kusimama kwenye mchoro wa mwisho. Ndilo somo la kwanza kabisa la kazi hiyo. Kila Jumatatu Marlys aliiweka. Safari hii akasahau, akaituma, akaenda kuchukua watoto.

Asubuhi yake alikuta barua pepe zaidi ya sitini. Konokono anafika, anaomba radhi, halafu huyo tena chini ya mahindi na barua mgongoni. Wengine walicheka, wengine walimwonea huruma. Marlys akaona amemharibia baba yake neno la mwisho. Tulipomaliza zamu ya asubuhi alishuka mbio kurekebisha, nami nyuma yake.

Emil alikuwa amerudi nyumbani, bandeji shingoni, na kibao cha chaki cha watoto mapajani. Akaashiria anataka kuona kwanza. Bohumil akatembea, akafika, akasema, treni ikalia. Akaanza tena. Mzee akatazama mara tano, midomo ikifuatisha maneno. Marlys alipogusa kipanya, baba akaufunika mkono wa bintiye kwa wake. Akachukua chaki, akaandika neno moja, akatua kama alivyokuwa akitua zamani, kisha akaandika la pili.

"Kumbe anarudi."

Marlys hakuirekebisha. Saa nane tulikwenda kuwachukua watoto, tukamwacha mzee pale chini akijisikiliza.