Nyuzi Zilizogoma Kusinyaa

Fundi wa maabara ya chuo, ambaye wanafunzi walimwita Mama Chumvi, alikuwa ameshughulika na unga mmoja mweupe kwa miaka kumi na tisa. Ni chumvi ya ATP, kitu kilekile kinachoupa mwili nguvu ya kukunja misuli. Si sumu, vaa glavu na miwani usije ukakuingia machoni, basi. Lakini unadeka kama mtoto wa mwisho: hunyonya unyevu, huchukia joto, makazi yake ni ndani ya friza. Na ukiuyeyusha, maji huwa makali kama ndimu. Lazima uyatulize kwa matone ya sodiamu haidroksaidi kabla ya kuyagawa kwenye vichupa na kuyagandisha.

Siku moja, katikati ya kazi, dada yake alipiga simu, wakamsengenya shemeji yao mpaka wakachoka. Aliporudi mezani aligawa maji vichupani moja kwa moja. Matone aliyasahau.

Kwa wiki tatu binti mmoja wa mwaka wa mwisho aliyadondosha maji yale kwenye nyuzi za misuli ya sungura, akachungulia kwenye hadubini. Zilipaswa kusinyaa. Zililala tu.

"Mikono yako ina ganzi?" mhadhiri alimuuliza mbele ya wenzake. "Hata anayechemsha uji angefaulu!"

Wenzake walicheka. Mama Chumvi naye alicheka.

Jumatatu iliyofuata, shaka ikimsumbua, alichovya karatasi ya kupimia asidi kwenye kimoja cha vichupa vilivyobaki. Ikawa nyekundu. Akaikumbuka simu ya dada yake, na yale matone. Alimwaga vyote kwenye sinki, akatengeneza vipya kwa uangalifu, na kwenye lebo akaandika tarehe ya zamani. Binti akirudia jaribio atafaulu, alijiambia, na hakuna atakayejua.

Binti hakuja. Alhamisi mhadhiri aliingia na barua mkononi, huyo binti akiwa nyuma yake, macho yamevimba.

"Nakurudisha mwaka. Kusanya vitu vyako," alimwambia binti.

Mama Chumvi alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajaamua kusema. "Mwalimu, kosa ni langu. Sikutuliza asidi."

"Acha huruma zako, mama. Nimepima kichupa jana, hakina tatizo."

Mhadhiri alikuwa amepima vile vipya. Ushahidi wa kosa ulikuwa umeshapita kwenye bomba.

"Ninacho kimoja," binti alisema polepole, akafungua kikasha chake cha barafu. Karatasi iliingia, ikatoka nyekundu. Mhadhiri akaweka vichupa viwili sambamba: tarehe moja, mwandiko mmoja, maji tofauti.

"Hii nini?"

"Niliandika tarehe ya uongo. Ili isijulikane."

Mhadhiri aliikunja barua akaitia mfukoni. "Utarudia jaribio," alimwambia binti, akatoka.

Binti hakufurahi. "Ulijua tangu lini, mama?"

"Jumatatu."

"Jumanne nilimpigia mama yangu simu, nikamwambia sina akili ya masomo haya. Alilia."

Binti alivaa glavu, akanyoosha mkono.

"Naomba ufunguo wa friza. Nitapima unga na matone mwenyewe."

Mama Chumvi akampa, akasogea pembeni. Akabaki amesimama hapo, mwenye nywele za mvi, akimtazama mtoto wa mtu akihesabu matone.