Bandari Iliyochorwa kwa Majivu

Nilitoka Chunya kwa basi, nikabadilisha Tabora, nikabadilisha tena Nzega, na Tinde tukakunja kulia kuelekea Shinyanga. Tulipofika Samuye kondakta aliuliza kama kuna wa kushuka. Nikainama nikatazama viatu vyangu. Nilishuka mbele sana, pale njia ya vumbi inapoiacha lami kwenda ziwani, na kijana wa bodaboda akanifikisha kwenye bandari ya zamani, mdomoni mwa mto.

Akazima pikipiki. "Mzee, ndiyo hapa? Mbona hapana kitu?"

Hakukosea. Ghala lililobaki halina paa, na mbuzi wamelala ndani. Gati ni nguzo tu, na magugumaji yameuziba mto. Lakini, rafiki yangu unayesoma, mimi sikupotea. Nilijua forodha ilisimama wapi na mafundi wa mitumbwi walikaa upande gani. Bandari ile niliijua kabla sijaona maji yanayolizidi lambo la ng'ombe.

Nililelewa na bibi yangu pale Samuye. Babu, ambaye jina lake ndilo langu, alikwenda bandarini kupakia marobota ya pamba wakati baba yangu bado ananyonya. Aliteleza gatini akazama, na mwili haukuonekana. Kwetu mtu aliyeishia hivyo lazima aendewe. Mtu wake husimama pale pale, akamwaga unga wa mtama uliokorogwa kwa maji, akamwita kwa jina arudi nyumbani. Asipoitwa, anabaki kuzurura huko. Baba naye alikufa kabla hajaenda, kazi ikabaki kwa Bibi, na Bibi hakuwa amewahi kufika popote penye maji. Dereva wa lori la pamba alikuwa amemwahidi: tutakwenda asubuhi, jioni nitakurudisha.

Kwa hiyo kiangazi kile chote tulipanga safari ya siku moja. Jirani yetu, mwanamke wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitokea Pwani, alikuwa amekulia bandarini, mama yake akiuza vitumbua. Jioni, tukishamaliza ugali wetu na majani ya kunde, alichota majivu jikoni akachora uani. Huu mto. Hili ghala. Huu msikiti. Hapa mafundi wa mitumbwi, utasikia harufu ya mbao mbichi. Bibi alifunga kanga vizuri na kuanza kutembea juu ya mistari ile kama mtu aliyefika kweli.

"Simama! Umeshazama, Msukuma wewe," jirani alimwambia. "Hapo ni majini."

"Majini gani? Mbona sijalowa?"

"Ukiyaona yenyewe utawapigia mluzi ng'ombe waje wanywe!"

"Nyamaza, mla dagaa. Wewe ukiona ndama unapanda juu ya kitanda."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha Bibi alirudi mwanzo, sauti imeshuka. "Nikitoka ghalani, gati liko mkono gani?" Wa kulia, aliambiwa, mto utausikia. Naye alinigeukia mimi, maana kwa kuwa nilibeba jina la babu aliniita mume wake. "Mume wangu, umeshika?" Nilikuwa nimeshika.

Tulianika michembe juu ya mwamba, viazi vitamu vilivyokatwa vyembamba, kwa ajili ya njiani. Bibi alipata viatu vya plastiki, akawa anavivaa akitwanga ili miguu izoee. Mwalimu alinipa ruhusa ya kukosa shule, akaniagiza ganda la konokono wa ziwani darasa lipate kuliona.

Lori lilikuwa la mwisho la msimu. Asubuhi ile tulikuwa tumeshafika barabarani, Bibi kashika kibuyu cha unga kifuani, lori linaonekana kwa mbali, mara mwano ukapigwa: lile yowe la kuitana ng'ombe wanapoibwa. Likapokelewa boma kwa boma. Wanaume wakatoka na fimbo, wanawake nao wakapiga yowe. Nawe ukizaliwa kule unajua, mwano ukilia haondoki mtu. Atakayepanda gari asubuhi hiyo atahesabiwa kuwa ng'ombe wamepita mikononi mwake.

"Panda, mama!" dereva alipiga kelele. "Wewe utaiba ng'ombe na kibuyu?"

"Nikipanda, huyu mtoto ataishi wapi?" Bibi alimjibu.

Lori likaondoka. Mchana ng'ombe wakaonekana kwenye ngitiri, malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, ya shemeji wa huyo mwenye ng'ombe. Walikuwa wamevunja ua wakaingia wenyewe, wanakula taratibu. Watu walicheka, wakarudi mashambani. Bibi alivua viatu, akavipangusa vumbi, akavitundika ukutani. Alisema msimu ujao. Mvua zilipoanza akaanza kukohoa, na msimu ujao haukumkuta.

Nami juzi nilisimama pale, ghala nyuma yangu, gati mkono wa kulia. Mto hausikiki tena. Nilimwaga unga, nikamwita babu, na kwa kuwa jina ni moja, nilisikia kama ninajiita mwenyewe. Nilipofika pa kusema rudi nyumbani, nikaishia hapo. Nyumba ilishaanguka. Ua wa minyaa uling'olewa. Jirani naye hayupo.

Yeye ndiye aliyenisindikiza siku ile nilipoondoka Samuye kwenda machimboni Rwamgasa, kijana ambaye hajaota ndevu vizuri. Nilimpa shikamoo.

"Marahaba, mgane wangu uliyefiwa na mke," alisema, akajaribu kucheka. Alinifungia michembe ndani ya kitambaa. Gari lilipoanza kutembea alisimama kando ya minyaa, akaweka mikono mdomoni, akaniita kwa jina lile, akalivuta kama Bibi alivyokuwa akilifanyia mazoezi juu ya majivu: "Rudi nyumbani!"

"Nakuja, mama," nilimjibu, gari likiwa limeshashika barabara.