Shangazi na Kiota cha Chozi

Shangazi yangu, dada yake baba, ana studio ya picha, na mtaani walimzoea kwa jina la Chapchap. Ukienda kupiga picha ya pasipoti, kabla hujamaliza kunyoosha kola taa imeshawaka na yeye anaita mteja anayefuata. Harusini alipiga picha huku anatembea. Nyumbani alikula amesimama, na mumewe alimtania kwamba hata usingizi anaulala mbiombio.

Kisha akateleza kwenye ngazi za studio, akavunjika mguu. Daktari akamfunga plasta ngumu hadi juu ya goti na kumwagiza atulie. Wakati huo nilikuwa nakaa kwake nikisoma chuo, na nakwambia alituendesha puta: mara chai imezidi sukari, mara redio ina kelele, mara pazia limekaa upande. Mwishowe mumewe akamkalisha kwenye baraza ya nyuma, akamwekea kamera mapajani ili apate wa kugombana naye asiyejibu.

Uani kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo. Pale ilipofungwa ukutani palining'inia kitu kama tambara chafu, na Shangazi akanituma nikakitoe. Nilipokaribia, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda akachomoka humo. Alikuwa chozi, yule mfyonza maua.

"Usiguse," Shangazi akasema. "Rudi polepole."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Picha zake za kwanza zilitoka ovyo. Alifyatua kama yuko harusini, taa ikamulika, ndege akatoweka mpaka jua lilipogeuka. Shangazi alikasirika, halafu akaona haya. Akaizima taa ya kamera, akajifunza kukaa bila hata kiti kulia. Na kadiri alivyosubiri ndivyo macho yalivyomfunguka. Akaona kwamba kiota kimeshonwa kwa utando wa buibui, na ndani yake mna nyuzi za buluu zilizochomolewa kwenye sweta yangu. Akaona kwamba dume ni kijani, lakini akiligeukia jua anang'aa zambarau. Akaona pia kwamba jike ndiye anayejenga, dume kazi yake ni kuimba juu ya ukuta. Hilo la mwisho mumewe alisimuliwa mara nyingi kuliko alivyopenda.

Makinda yalipokwisha kuanguliwa, mwenye nyumba akaja na fundi rangi na ngazi. Alitaka ukuta wa nyuma upakwe siku hiyohiyo, kamba na uchafu wake viondolewe. Nilijua Shangazi atamwashia moto. Badala yake akamvutia kiti, akamwomba akae kando yake na asiseme kitu.

Mzee wa watu alikaa, akichezea funguo zake. Muda ukapita. Fundi akaenda kuegemea mlango. Ndipo jike akaja, buibui mdomoni, na vinywa viwili vya njano vikajitokeza tunduni. Shangazi akabonyeza mara moja tu, kisha akamwonyesha mzee kwenye kioo cha kamera. Hakikukosekana kitu, hata miguu ya buibui ilihesabika.

Mwenye nyumba aliitazama picha ile mpaka nikadhani amesinzia.

"Mama, kumbe nina wapangaji nisiowajua," akasema. Akamwambia fundi apake upande wa mbele, nyuma kungoje mpaka makinda yaruke.

Yaliruka, na mguu ukapona. Leo wateja wa studio huambiwa wakae kwanza, wavute pumzi, ndipo wapigwe. Foleni imekuwa ndefu, na wachache wananung'unika, lakini wakiziona sura zao hunyamaza.

Dirishani, palipokuwa pamejaa picha za mabibi harusi, sasa imetundikwa picha ya yule jike na makinda yake, kubwa kama mlango. Nikipita hapo na rafiki zangu, nasimama makusudi, najifanya nafunga kamba za viatu, nikingoja mmoja wao aulize ni nani aliyeipiga.