Mkebe wa Tatu

Kiwandani Mogogosiek nilichambua chai miaka sita, nikitoa vijiti vyekundu katika majani meusi, na hakuna aliyenishinda. Kisha ikaletwa mashine ya kutoa vijiti, nikarudishwa nyumbani. Basi mtaalamu wa mawe, kijana wa upande wa ziwa, alipokodi nyumba karibu na soko letu na kutafuta mtu mwenye macho makali, nilibisha hodi kwake kabla hajamaliza kunywa chai. Niliitaka kazi ile kupita kiasi, na sikuficha.

Alikuwa na magunia ya kokoto kutoka Turkana. Ndani mlikuwa na meno madogo kama punje za mahindi, mengine ya mamba, mengine ya dinosaria, wanyama wa kale waliokula wenzao.

"Mama, ya mamba iko mviringo kama msumari," alinionyesha. "Ya dinosaria iko bapa, na makali yake iko kama msumeno. Ukichanganya, kazi yangu yote imeharibika."

Akanipa mikebe miwili. Siku ya kwanza alikagua, akaridhika. Baada ya hapo aliniamini, akawa anaandika tu hesabu yangu daftarini. Nami nilifurahia kazi, nikijiuliza kila jino lilimtafuna nani.

Siku ya nne nilipata kipande cha jino, cha kahawia, nikawa nakipeleka mkebe wa mamba. Kilinikumbusha kingine cheusi kwenye mkebe wa dinosaria. Nikavikutanisha, vikashikana bila mwanya. Jino moja, rangi mbili!

Siku ya kwanza nilipapasa kila jino kwa ukucha. Kisha mkono ukarudia kasi ya kiwandani, nikawa natenga kwa rangi, nyeusi huku, nyekundu kule. Kumbe rangi ni ya udongo tu, si ya mnyama.

Ningeweza kunyamaza, na nilitaka sana kunyamaza. Lakini nilitaka zaidi kujua lipi ni lipi. Nikamwaga mikebe yote miwili mezani mbele yake, nikamweleza.

Alifuta kurasa tatu za daftari kwa mistari ya kalamu, polepole. Nikachukua sweta yangu.

"Unaenda wapi, mama?" Akaniwekea mkebe mwingine.

"Huu wa nini?"

"Ya zile hujui."

Kiwandani hatukuwahi kuwa na mkebe kama huo. Nikaketi, nikaanza upya. Kufikia jioni mkebe huo wa tatu ndio uliojaa kuliko yote, na sikuona aibu.